Tiketi ndani ya bitana

Zuena alikuwa fundi cherehani mjini Muyinga, mjane mwenye mkono mwepesi na sifa njema. Mteja akisahau noti mfukoni, aliikuta imekunjwa vizuri juu ya nguo yake. Ndiyo maana hata wakulima wa mbali walimwachia nguo zao bila wasiwasi.

Mmoja wao alikuwa Gervasi wa Giteranyi, aliyekulia Tanzania na kurudi Burundi na mkewe Theodosia. Mwezi wa Juni alileta koti lililotoboka mfuko. Zuena alipofumua bitana, kikaratasi kikamwangukia mapajani: tiketi ya bahati nasibu iliyopenya kwenye tundu. Kwa udadisi tu, akaenda kuilinganisha na namba zilizobandikwa dukani kwa jirani. Ilikuwa imeshinda. Haikuwa fedha ya kumtajirisha mtu, lakini ingetosha kuezeka nyumba nzima na kubaki.

Alijiambia atampa Gervasi akija. Kesho yake akajiambia kwamba Gervasi pengine ameshaisahau. Siku ya tatu akapanda basi kwenda Gitega, kwenye ofisi ya bahati nasibu.

Karani wa dirishani aliigeuza tiketi. “Mama, huku nyuma haina jina. Iko yako?”

“Iko yangu.”

“Bon. Andika jina, tia sahihi.”

Njia nzima alikuwa ametunga uongo wa wapi aliinunua na lini. Hakuna aliyemuuliza.

Gervasi alipokuja kuchukua koti, alisimama mlangoni akizungusha kofia mikononi. “Dada Zuena, samahani. Hukuona kikaratasi humu? Nimetafuta njia nzima, nikisukuma baiskeli.”

“Mi sikuona kitu.”

“Basi nisamehe kwa kukuuliza. Usije ukadhani nakushuku.”

Akalipa na kushukuru. Zuena alikaa kwenye cherehani bila kushona hadi adhuhuri.

Mabati mapya ya nyumba ya Zuena yalikuwa yamekwisha kupigiliwa Theodosia alipokuja, peke yake. Hakuketi. Namba zao zilishinda, alisema, lakini mumewe anadai tiketi ilipotea. Yeye Theodosia haamini, anafikiri mumewe amechukua fedha na kuzila na mtu mwingine, na tangu wiki iliyopita hawasemezani. “Wewe ni mwanamke mwenzangu. Niambie kweli. Haikuwamo kwenye koti?”

Zuena akatikisa kichwa. Theodosia akajifuta macho kwa ncha ya kitenge na kwenda zake.

 Siku hiyo hiyo Zuena alimwendea shemeji yake Radjabu, aliyefanya kazi mahakamani miaka mingi, akamweleza yote, macho chini.

“Lakini walinilipa,” alisema. “Tiketi haikuwa na jina.”

“Ofisi inalipa anayeishika, ili isisumbuliwe,” Radjabu alijibu. “Hiyo inailinda ofisi, wewe haikulindi. Barabarani ungeiokota, ungepaswa kumtafuta mwenyewe. Hii hata kupotea haikupotea, shemeji. Ilikuwa ndani ya koti lake. Huo ni wizi, na sheria inauita hivyo hivyo.”

Neno hilo hakuna aliyewahi kulitamka juu yake.

Alikwenda Giteranyi na fedha iliyobaki ndani ya bahasha, akawakuta wote wawili wakianua maharage. Akasema bila kuketi: aliipata, alikwenda Gitega, iliyopungua imo kwenye mabati, na hiyo atailipa. Gervasi alitazama bahasha bila kuigusa. Theodosia ndiye aliyeuliza.

“Siku ile nilipokuja kwako, ulikuwa umeshachukua?”

“Nilikuwa nimeshachukua.”

“Ukaniangalia nikilia.”

 Theodosia akamgeukia mumewe, akamwomba radhi kwa sauti ndogo, na Zuena akalazimika kusimama pale akisikia radhi ambayo yeye ndiye aliyeisababisha.

Gervasi hakutaka mashitaka. Alitaka Zuena aseme ukweli mbele ya wazee wa kilima, kama kijiji kinavyoitwa huko, maana majirani walikuwa wameshamwita yeye mwongo. Zuena akasema, siku ya Jumapili, watu wakiwa wamejaa. Deni alilimaliza kwa miezi minane, akalipeleka mwenyewe kila mara. Theodosia alipokea, akahesabu mbele yake, akaitikia salamu. Kiti hakumpa hata siku moja, na Zuena hakuwahi kuona kwamba alistahili kupewa.