Gun ya stud ilipita test kila asubuhi, na bado Mutinda akaanguka

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mzee wa hapa Noonkopir, Kitengela. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona herufi imepotea msinicheke, tafuteni maana. Haya nitasema mengine niliyaona na macho yangu na mengine niliyafanya na mikono yangu. Sijaongeza kitu. Hata ningetaka kuongeza, hakuna mahali pa kuongezea.

Nianzie mbali kidogo, mtanisamehe.

Nikiwa kijana nilikuwa na punda huko Bisil. Baba alitoka Murang'a akafungua duka huko, na kazi yangu ikawa kupelekea watu maji. Huyo punda tulimwita Diwani, kwa sababu alikuwa anasimama katikati ya barabara na hatoki mpaka aongeleshwe vizuri.

Siku moja ya soko, Wamaasai wameleta ng'ombe, lori ya kutoka Namanga ikamkuta Diwani amesimama vile anapenda. Akafa hapo hapo. Bampa ya lori ikajikunja kama sikio.

Dereva hakuwa mtu mbaya. Alinipa pole, tukasukuma lori hadi kwa fundi wa kuchomelea nyuma ya soko. Nikasimama kuangalia. Sikujua ule moto hauangaliwi na macho matupu. Niliuangalia wote, mwanzo hadi mwisho, mdomo wazi.

Kufika jioni macho yamejaa mchanga ambao hauko. Mama alinikatia viazi mbichi akaniwekea juu ya macho siku mbili nzima. Nikitoa machozi, sijui nalilia macho ama nalilia punda.

Nilipopona nilirudi kwa huyo fundi nikamwambia nataka kazi. Punda sina, maji nitabeba na nini?

Hivyo ndivyo niliingia kwa welding. Nimechomelea mageti, nimechomelea matangi, nimekaa Magadi miaka mingi nikirekebisha mabomba, joto la huko ukiacha spana juani huishiki tena. Magadi ndiko magoti yangu yalibaki. Nikarudi Kitengela, na kwa bahati nikapata kazi kwa site moja ya ghorofa ya vyuma. Kutunza gun ya stud. Kazi ya chini, kazi ya kukaa.

Wengi humu hamjaiona hiyo gun, wacha nieleze.

Stud ni kama msumari mnene, unene wa kidole gumba changu, kichwa kipana. Zinasimamishwa kwa mstari juu ya beam za chuma, nyingi sana, ndio zege ikimwagwa ishikane na chuma, sakafu iwe kitu kimoja. Unaingiza stud kwa mdomo wa gun, unaweka pete ya udongo kwa mguu wake, unasimamisha wima, unafinya.

Gun inainua stud kidogo tu, moto unawaka hapo katikati, halafu spring inaisukuma ndani ya chuma kilichoyeyuka. Ukipepesa jicho umekosa. Unavunja ile pete, unaona ukingo wa chuma umezunguka mguu wa stud. Ukizunguka wote, sawa. Ukiwa na pengo, si sawa.

Kuiset ni vitu vinne: stud inuke kiasi gani, isukumwe kiasi gani, moto wa nguvu gani, kwa muda gani. Hayo mimi niliyajua hata ukiniamsha usingizini.

Na kuitunza ni kila siku. Mdomo wake nilikuwa nauchokora na brashi ya waya nitoe matone yaliyoganda, na naangalia kama umelegea, kwa sababu ukilegea moto unakula gun yenyewe. Napapasa waya yote na mkono nijue kama kuna mahali inapata joto. Ile clamp ya earth, koleo ya kurudisha umeme, naikwaruzia rangi iume chuma kitupu. Pete za udongo nazianika karibu na jiko la chai, zikinyonya umande stud inatoka na matundu kama mandazi.

Mutinda ndiye alikuwa anapiga hizo stud huko juu. Mkamba, kijana wa miaka thelathini na kitu, na alikuwa ananiita Guka vile wajukuu wangu wananiita. Kila asubuhi akija kuchukua gun lazima aniulize:

"Guka, bibi yako ameamka?"

"Ameamka. Na usimshike kama jembe."

"Huyu hata nikimshika kama yai bado anatema moto. Ulimlea aje?"

Basi tunacheka, anapanda.

Sasa test. Kabla ya kazi kuanza unapiga stud mbili, unaziacha zipoe, unazigonga na nyundo mpaka zilale upande. Zikikunjika bila kukatika, gun iko sawa. Unaandika kwa kitabu PASS, unasaini. Ya kwangu ilikuwa sahihi ya mtu wa darasa la tatu, lakini ilikuwa sahihi.

Hapa ndipo kosa langu liko, wakuu.

Hiyo test inatakiwa kufanywa pale pale kazi iko. Chuma kile kile, waya ile ile. Tukiwa chini nilifanya hivyo. Kazi ilipopanda floor ya pili, magoti yangu yakakataa ngazi. Nikamwambia foreman, Kariuki, kwamba nitaweka kipande cha chuma hapa karibu na mashine inayotoa umeme wa gun niwe napimia hapo.

Akasema, "Si gun ni ile ile, Guka? Pima hapo."

Kipande chenyewe nilikisugua mpaka kinang'aa. Kikavu, kitupu, hatua mbili kutoka kwa mashine. Stud zangu zote mbili zilikuwa zinakunjika kama shingo ya bata. PASS. Kila asubuhi PASS.

Lakini huko juu waya ilikuwa imeunganishwa mara mbili ndio ifike, na moto ukitembea mbali hivyo unafika umechoka. Tena beam za ukingoni zilikuja zimepakwa rangi nyekundu mpaka juu, mahali stud inakaa. Mtu aliambiwa apake, akapaka zote. Hakuna aliyezikwaruza, na stud haishiki juu ya rangi. Mimi sikuziona kwa sababu sikupanda.

Mutinda alijua kuna kitu. Hiyo haitaki kusomea, mtu wa gun anajua na sikio. Stud ikiingia vizuri inalia mara moja, kama mtu amepiga kofi. Jumatano alishuka akaniambia:

"Guka, huko ukingoni inalia vibaya. Haipigi, inakaanga."

"Pete zimeloa?"

"Kavu kabisa. Kuja usikie mwenyewe."

Nikaangalia ile ngazi. Nikamwambia, "Test imepita. Endelea."

Maneno matatu. Nimeyahesabu mara nyingi.

Akasema "Sawa Guka," akapanda.

Kitu kingine mjue. Huko ukingoni hakukuwa na kamba ya kufungia mshipi wa usalama. Iliambiwa inakuja. Kwa hivyo wote, si Mutinda peke yake, walikuwa wanafunga mshipi kwa stud zilizokwisha pigwa. Foreman aliona, mimi niliona, hata wageni wa suti na helmeti nyeupe waliona. Stud ni chuma nene, ungedhani inafunga fahali.

Alhamisi kabla ya chakula, waya ya gun ilikwama chini ya mabati ya sakafu. Mutinda akaegemea nje aivute. Nilikuwa nimeinua kichwa nimwambie asiivute kwa nguvu, ataing'oa.

Stud ikang'oka. Haikutoa hata sauti.

Alianguka juu ya ballast, zile kokoto za zege. Nilifika wa kwanza na magoti yangu mabovu, hiyo siku hayakuuma. Mshipi bado alikuwa nao kiunoni, na kwa ile hook, stud inaning'inia. Nzima. Chini ya mguu wa hiyo stud kulikuwa na rangi nyekundu, safi, kama imepakwa jana.

Hospitali hakufika.

Jumatatu mkewe alikuja kuchukua vitu vyake. Anaitwa Mwende. Walimkalisha kwa ofisi, ile kontena, akapakata begi ya bwana yake: shati, flask, viatu vya kwenda nyumbani. Kariuki akaniita niingie. Alikuwa na karatasi.

"Guka, ni karatasi tu. Inasema gun ilipimwa hiyo asubuhi na ikapita. Si ni ukweli?"

"Ni ukweli."

"Na inasema marehemu alifunga mshipi mahali hapajaruhusiwa."

"Na angefunga wapi?"

Akanisukumia biro.

Mwende ndiye aliongea. Hakuwa anaongea na Kariuki, alikuwa ananiangalia mimi.

"Mutinda alikuwa anasema hiyo mashine hakuna mtu anaijua kama wewe. Mimi sina maneno mengi, Guka. Mama yake ananiuliza kama mtoto wake alijiua na ujinga. Nimwambie nini?"

Biro nikaiweka chini. Nikachukua nyundo.

Nilipanda hiyo ngazi kama mtoto, mikono na miguu, nikipumzika kila vidato vitatu. Kariuki ananifuata nyuma akiniambia nitaanguka wawe na msiba mwingine. Nilifika ukingoni nikagonga ya kwanza. Ikakunjika vizuri, nikafurahi hata, Mungu anisamehe. Ya pili ikaruka kama chaki. Ya tatu ikaruka. Nikagonga kumi na mbili. Saba zilitoka, na chini yake kila moja ilikuwa imeshika kwa upande mmoja tu kama kucha, kwingine rangi.

Nikazibeba kwa kofia nikazimwaga mezani mbele ya huyo mama.

"Mwende, bwana yako hakuwa mjinga. Alijifunga kwa kazi ambayo mimi nilisaini ni nzuri. Nilipima chini, juu sikupima. Na aliniambia inalia vibaya, nikamwambia aendelee."

Hakulia. Hakunitukana. Alichukua stud moja, akakwaruza ile rangi na ukucha, akaiweka kwa begi pamoja na flask. Akasema, "Nitamwambia mama yake." Akainuka akaenda.

Afadhali angenipiga kofi.

Kariuki akafunga mlango. "Guka, lori za zege zinakuja kesho. Hizi saba tutapiga mpya leo. Zingine ziko sawa."

"Haziko sawa. Hazijagongwa."

"Zege itazishika."

"Zege ndiyo inatakiwa kushikwa na hizo, Kariuki."

"Umeshasema ya kusema mbele ya huyo mama. Sasa weka gun tayari. Si ulitaka kupima juu? Haya, utapima juu."

Kabla nimalize, niseme kwa wale mko na hizi gun, na najua mko humu, hizi ghorofa za vyuma zimejaa sasa kutoka hapa hadi Kajiado. Pimia pale utafanyia kazi. Waya ukiongeza hata kipande, pima tena. Rangi kwaruza, hata kama foreman amesimama juu yako na saa. Na mtu wa gun akikwambia inalia vibaya, hiyo ni test imefeli, usiangalie kitabu. Kama magoti yamekataa ngazi, toka kwa hiyo kazi, mpe mtu ambaye anaweza kupanda.

Mwingine ataniuliza kwa nini sikubaki nigonge zote, moja moja, mpaka hizo lori zirudishwe. Nimejiuliza pia. Semeni tu vile mnaona, hata matusi nitasoma. Na kama uko na gun kama hii, niambie unapimia wapi.

Mimi hiyo Jumatatu niliketi kwa kiti changu nikafungua kitabu. Kwa mstari wa hiyo siku nikaandika FAIL. Nikarudi nyuma siku zote tangu tupande floor ya pili, na mbele ya kila PASS nikaandika CHINI. Nikakiacha wazi.

Halafu nikasafisha gun. Mazoea tu. Nikachokora mdomo, nikakunja waya, nikaiweka juu ya meza.

Kwa gate watchman akaniuliza, "Mzee, unaenda chai?"

Nikamwambia eeh.

Nikapita kibanda cha chai, nikavuka barabara, nikaendelea na njia ya nyumbani. Sijarudi hapo tena.