Nilimpigisha Mayowe Mama wa Watu

Nimekosa jamani, tena nimekosa kwa kujidai. Nikikumbuka najionea kinyaa mpaka leo!

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kuingia Kigoma, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Gungu, hapo hapo mjini. Darasa la sita waliandika hadithi za zamani, enzi za misafara ya Ujiji. Wakati wa kuziboresha nilikuwa na wimbo mmoja tu: tieni mazungumzo! Hadithi ambayo watu hawasemezani niliirudisha hapo hapo.

Binti mmoja, nimwite Neema, alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, akiishi Bangwe kwa mama yake mdogo. Hadithi yake ilimhusu mama anayewavusha wanawe kwa mtumbwi, akiwakimbia wakamata watumwa. Mshale unampata. Hakuna anayetamka neno.

"Mabubu hawa?" nikamuuliza.

"Mwalimu, huyu mama hasemi."

"Basi leo atasema!"

Nikachukua kalamu nyekundu, nikamwandikia mwenyewe. Mama wa watu nikampigisha mayowe, "Mana yanje weee, Mungu wangu, nakufa!" kwa lafudhi ya Kirundi, ili ichekeshe. Mshenzi mimi!

Siku ya wazazi nikaisoma mbele ya umati, nimebana pua, narusha mikono. Watu wakavunjika mbavu. Kichwa kikanivimba.

Mama mdogo wa Neema akasimama. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, huyo ni dada yangu. Haukuwa mshale, ilikuwa risasi. Aliuma kitenge asilie, ili wauaji wasijue mtumbwi uko wapi. Ndivyo huyu mtoto alivyofika."

Akamshika Neema mkono, wakaondoka.

Jambo la mwisho ambalo yule mama aliwafanyia wanawe, mimi nililifuta kwa wino mwekundu ili nipigiwe makofi. Phu!

Neema hakurudi shule. Nilikwenda Bangwe kuomba radhi. Akaniwekea kiti, akasema "Shikamoo, mwalimu," basi. Huko njiani wenzake walikuwa bado wakimwigizia yale mayowe. Hata kuwakaripia nilishindwa, maana niliwafundisha mimi.

Walimu wenzangu, fundisheni mazungumzo, ni kitu kizuri. Ila mtoto akikwambia mtu wake hasemi, weka kalamu chini umuulize kwa nini. Ningeuliza, angenijibu. Alikuwa amesimama pale pale mezani kwangu, anasubiri.