Kicheko Nilichokikata

Mdogo wangu alikuwa na kicheko ambacho ukikisikia mara moja hutakisahau. Kilianzia chini, kikakwama kidogo kooni, halafu kikatoka kwa mikupuo kama maji ya jerikeni iliyojaa. Ni binti wa mama mdogo, lakini tulilelewa boma moja hapa Garissa, tukala sahani moja, kwa hiyo ni mdogo wangu na basi. Tangu utotoni wageni wakija nyumbani walicheka kwa sababu yeye amecheka, ndipo wakauliza kuna nini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza kuna nini.

Nilikua, nikawa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili ya kutwa. Yeye akawa mpaka hina, wa kuwapamba maharusi. Na wazo la podikasti lilikuwa langu, hilo nataka lijulikane mapema. Nilikuwa nimechoka kusikia watu wa Nairobi wakisema huku kwetu hakuna muziki, kuna jua na mbuzi tu. Mimi nilijua kuna vijana wa kinanda wanaozunguka arusi kwa arusi, kuna mwimbaji wa Griftu anayekuja mjini juu ya lori la mifugo na kurudi nalo, kuna bendi Masalani inayofanya mazoezi ng'ambo ya mto. Hawana meneja wala studio. Nyimbo zao zinarukaruka kutoka simu hadi simu na hakuna anayejua mwenyewe ni nani. Nikasema nitawahoji mmoja mmoja, kwa Kiswahili, kwa kuwa huyu anaimba Kisomali, yule Kiborana, mwingine Kipokomo, na lugha ya kuwakutanisha ni ile ninayoifundisha.

Mdogo wangu nilimchukua kwa sababu ya arusi. Mpaka hina anamjua kila mpiga ngoma na kila mwimbaji, na ana namba zao zote. Tena bibi arusi akishapakwa hina hashiki kitu mpaka ikauke. Anakaa na mikono juu, anaongea. Mdogo wangu amewasikiliza maharusi kwa miaka, na siri za mji huu nyingi zimepita mbele ya koni yake ya hina. Lakini mimi sikumtaka aongee. Nilimtaka aniletee wageni, aketi kando, aitikie.

Tulirekodia stooni kwa mama, magodoro yameegemezwa ukutani ili sauti isirudi. Tulianza baada ya sala ya adhuhuri, wakati mji umejifungia ndani na hata bodaboda zimetulia. Feni tuliizima, maana ilinguruma ndani ya maikrofoni. Kwa joto lile mgeni alivumilia nusu saa, akizidi sana.

Mgeni wa kwanza alikuwa fundi wa simu anayepiga kaban, udi wetu wa Kisomali, ambao yeye alikuwa ameufunga nyuzi za mshipi wa kuvulia samaki. Nilikuwa nimeandika maswali kurasa tatu. La kwanza lilikuwa hili: "Ni msukumo upi hasa uliokuelekeza katika tasnia ya muziki?" Nililipenda swali hilo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Hifyo tu," akasema kwa lafudhi yetu ya Kisomali.

Nikamuuliza la pili. "Ni kawaida." Nikamuuliza la tatu, akatazama mlango.

Mdogo wangu akainamia maikrofoni. "Aboowe," akasema, kama tunavyomwita kaka, "mama yako alisema nini akiona hii kitu nyumbani?"

"Alificha kwa zizi," akajibu fundi. "Mbuzi ikakula kamba mbili. Asubuhi nikabiga na zile zimebaki. Mama akatoka, akasikiliza, akasema rudishia mbuzi imalize."

Basi mdogo wangu akacheka. Kicheko kilijaa stoo nzima, fundi naye akaangua chake, na baada ya hapo hatukuweza kumnyamazisha. Alitupigia wimbo aliomtungia mama yake, wimbo ambao mama mwenyewe hajawahi kukiri kwamba anaupenda, ingawa humfukuza mtu yeyote anayepiga kelele ukipigwa. Karatasi zangu zilibaki gotini.

Kipindi kilipotoka na maoni kuanza kuingia, nilikaa kuyasoma moja moja. "Huyo dada anayecheka ni nani?" "Nimecheka njiani peke yangu watu wakaniona mwenda wazimu." "Mtupe huyo wa kicheko tena." Mmoja tu ndiye aliyenitaja mimi. Aliuliza kama yule mwingine anasoma kwenye karatasi.

Wiki hiyohiyo tulikwenda sokoni pamoja. Muuza mitumba akataja bei ya baibui, mdogo wangu akacheka, na yule mama akaruka kutoka kwenye kiti chake: "Wallahi ni wewe! Wa bodikasti!" Akamshika mikono, akamuuliza habari za fundi wa kaban, akaita majirani. Mimi nilikuwa nimesimama pale na mfuko wa nyanya. Hatimaye akanigeukia, kwa adabu zake zote, akauliza kama mimi ni mtu wa nyumbani kwao.

Niliona wivu. Sitalitafutia neno la kistaarabu, na maneno ninayo. Roho iliniuma. Mtu hajasoma kitabu kimoja cha fasihi, anasema "fizuri" na "bole sana" na "kitu yangu," ananichanganyia ngeli zote mbele ya watu, halafu anafungua mdomo tu na dunia inampenda.

Uhariri ulikuwa mikononi mwangu. Kicheko cha kwanza nilikikata kwa sababu kilikuwa kimefunika sentensi yangu nzuri, na hilo mhariri yeyote angelifanya. Cha pili kilikuwa kirefu mno. Cha tatu sikujipa sababu. Kwenye skrini nilikuwa nimekwisha kulijua umbo lake, mlima mmoja mnene na vilima vinavyofuata, nikawa nakitambua hata kabla ya kukisikia. Nikagundua na utamu mwingine. Nikikiondoa kicheko pamoja na swali la mdogo wangu, nikaliunganisha swali langu moja kwa moja na jibu lililofuata, basi ilionekana ni mimi niliyemfungua mgeni. Mwimbaji wa Griftu alisimulia kwa machozi jinsi alivyouza ngamia wake wa pekee ili anunue kinanda. Kwenye kipindi kilichotoka, anasimulia hayo akijibu swali langu kuhusu changamoto za wasanii chipukizi. Watu walilisifu swali lile.

Vile vicheko sikuvifuta. Niliviweka kwenye folda niliyoiita Kelele. Labda hata wakati ule nilijua si takataka.

Yeye alisikiliza kila kipindi, simu ikiwa kifuani, huku akikoroga hina. Siku moja akaja na bakuli lake mkononi.

"Abaayo," akasema, kama tunavyomwita dada, "kicheko yangu imeenda wabi?"

Nikamwambia ni mashine. Nikamwambia sauti yake ikipanda ghafla maikrofoni inashindwa, inakwaruza, na kwamba hakuna njia isipokuwa kukata. Nilitumia maneno mengi ya kitaalamu, mengine niliyabuni papo hapo. "Ukijisikia kucheka," nikamalizia, "geuka kando, uweke mkono mdomoni."

"Hifi?" Akafunika mdomo kwa vidole vyake vyekundu vya hina.

"Hivyohivyo," nikasema.

"Sawa. Wewe ndio mwalimu."

Halafu wakaja wale wa Masalani. Niliwasubiri miezi. Walikuwa vijana wanne, magitaa mawili yamefungwa kwa karatasi za nailoni, ngoma moja ya ngozi ya mbuzi, na walikuwa wamevuka mto kwa mtumbwi alfajiri ili waje kwetu. Walikuwa hawajawahi kuhojiwa na mtu. Mkubwa wao, mpiga gitaa, aliniambia mlangoni kwamba amewaaga wazazi wake kwa kuwaambia anakwenda kusikika. Walikuwa wamevaa mashati yaliyopigwa pasi.

Alianza vizuri. Akatueleza jinsi siku moja katikati ya Tana ngoma yao ilivyotumbukia majini, ikaelea na mkondo, na wao wakapiga kasia kuifuata huku mpiga ngoma akiiita kwa jina kama ng'ombe. Nikamwona mdogo wangu anatetemeka mabega. Kisha akageuka akatazama godoro, akajiziba mdomo kwa mkono.

Yule kijana akasita. Aliona mgongo wa mwanamke na mkono usoni.

"Pole, dada," akasema taratibu. "Sikutaka kukukosea."

Mdogo wangu akatikisa kichwa kwamba hakuna neno, mkono ukiwa palepale. Lakini kijana alikwisha kujikunja. Alidhani amesema jambo la aibu mbele ya mtoto wa watu, na tangu hapo akawa anachunga ulimi. Nikachukua karatasi zangu. Niliuliza maswali yangu yote, kwa mpangilio, bila mtu kuniingilia, na nitasema ukweli wote: nilifurahi. Kwa dakika chache nilifurahi sana. Kisha nikaanza kusikia majibu. "Ndio." "Hapana." "Inategemea, mwalimu." Hata nyimbo walizipiga haraka haraka, kama watu wenye gari la kuwahi.

Kipindi kilitoka. Maoni yalikuwa machache, na moja liliuliza kama yule dada ameolewa akahama. Baadaye fundi wa simu, bila kuyapamba, aliniletea maneno ambayo vijana wale walikuwa wakisema kule kwao: kwamba kuhojiwa nasi ni kama kuchukua kitambulisho. Kwa asiye wa huku, kijana wetu akitaka kitambulisho hukalishwa mbele ya maafisa na wazee, akaulizwa babu wa babu yake alizikwa wapi. Hakuna anayeitamani siku hiyo. Nikapiga simu kwa kikundi cha wanawake wa ngoma wa Hadado, wakasema tutaona inshallah. Vijana wa kinanda hawakupokea. Mwimbaji wa Griftu, ambaye nilimtaka arudi, alisema siku hizi lori halina nafasi.

Nikaogopa. Nikamwita mdogo wangu stooni, nikamwambia mashine nimeirekebisha, sasa acheke anavyotaka.

"Sawa, mwalimu."

Tukamwita fundi wa kaban kwa mara ya pili, maana yeye peke yake hakutukataa. Alileta vituko vyake vyote, hata vya mbuzi na kamba. Mdogo wangu akatoa "he" moja fupi, mkono ukaruka mdomoni. Nikamwashiria kwa kichwa, endelea. Akajaribu. Kilichotoka kilikuwa kikohozi. Fundi alimuuliza kama anaumwa.

Nilitaka kuamini kuwa ni stoo, ni joto, ni taa nyekundu ya maikrofoni. Nilijiambia akiwa mbali na mashine atakuwa yuleyule.

Ikaja arusi ya jirani yetu. Kwetu alasiri ya wanawake ina sheria yake: mlangoni kuna kapu, na kila anayeingia anaacha simu yake humo, mwalimu au mke wa mkubwa, bila kujali. Ndani wanawake wanavua mitandio, wanacheza, wanakariri buraanbur, mashairi ya kike yanayokwenda na ngoma, na wanasema watakalo kwa sababu hakuna kitu cha kuwarekodi. Nimewahi kusikia mule mambo ambayo podikasti yangu haitayapata hata ikiishi miaka mia. Niliacha simu yangu, nikaingia, nikakaa karibu na mdogo wangu aliyekuwa amempaka hina bibi arusi.

Mama mmoja mzee, mnene, akashika ngoma akaanza kumtungia beti bwana arusi: miguu yake, gari lake lisilowaka, jinsi alivyokuja kuposa akasahau jina la msichana. Ukumbi ulilipuka. Wanawake walicheka vinywa wazi, wengine wakashikana ili wasianguke. Nikageuka kumtazama mdogo wangu, nikiwa na furaha tayari.

Alikuwa ameinama kando. Mabega yanatetemeka, macho yanatoka machozi, na mkono umeziba mdomo. Hakuna sauti iliyotoka. Alipoinua uso akaona ninamtazama, akanikubalia kwa kichwa, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kwamba hajasahau.

Nikaushika ule mkono, nikaushusha.

"Haikuwa mashine," nikamwambia sikioni, maana ngoma ilikuwa juu. "Ni mimi. Nilikuonea wivu."

Hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Najua, abaayo," akasema. "Mashine gani inachukia mtu moja?"

Yule mama mzee akapiga ngoma akaingia ubeti mwingine, huu ulimhusu mama mkwe, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mdogo wangu naye akacheka. Mkono wake ulinitoka, ukapanda wenyewe mpaka mdomoni.