Neno Alilolisema Mama Rosa

Nilipokuwa mtoto, kwetu upande wa Nkowe simba hakutajwa kwa jina. Ukiwa shambani au njiani ulisema "bwana mkubwa", kisha ukanyamaza kidogo, kama unayemsubiri apite. Bibi yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Alinifundisha pia kwamba simba wako wa namna mbili: wa Mungu, ambaye humkwepa mtu, na wa kutengenezwa, ambaye ana mwenyewe pale pale kijijini, anayemtuma na kumlisha.

"Wa Mungu humuoni mchana," alisema bibi. "Ukimuona mchana, ujue ana mwenyewe."

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ambao simba alimchukua Athumani, mtoto wa kwanza wa shangazi yangu Somoe. Kijana alikuwa analinda mtama usiliwe na nguruwe, analala kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti. Asubuhi wanaume walileta kilichopatikana kikiwa kimefungwa kwenye shuka, na shangazi hakuruhusiwa kufungua. Wiki tatu baadaye alirudi shambani, kwa sababu ufuta ukikauka haumngoji mfiwa. Mimi nilipewa kazi ya kufuatana naye asiwe peke yake.

Siku hiyo tulikuwa wanne njiani kurudi nyumbani, jua bado liko juu. Mbele alikuwa Mama Rosa, mjane wa Kimakonde aliyekuja na mumewe kutoka Msumbiji, akakaa kwetu hata baada ya kumzika. Alikuwa na nyumba ya mwisho kabisa, inapoanzia pori, na watu walishaanza kuulizana kwa nini bwana mkubwa hapiti kwake. Nyuma yake tulikuwa shangazi na mimi, na nyuma yetu Mzee Saidi, jirani yetu, akisukuma baiskeli yenye gunia la ufuta.

Bwana mkubwa alitoka kwenye majani upande wa kushoto bila kutikisa jani hata moja. Alisimama njiani, akageuza kichwa, akatutazama. Nimejaribu mara nyingi kueleza yale macho na sijaweza. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa na utulivu ambao sijawahi kuuona tena kwa kiumbe chochote, kama vile sisi ndio tuliokuwa tumeingia nyumbani kwake bila hodi. Mbavu zake zilionekana zikipanda na kushuka. Nilisikia baiskeli ikianguka. Nilisikia pumzi yangu. Kisha nikasikia sauti ya Mama Rosa, ya chini na ya taratibu, ikisema, "Mwanangu, tulia. Mwanangu."

Simba akatazama kidogo tena. Akavuka njia, akaingia majani ya upande wa pili, akaondoka.

Tulikuwa hatua kama ishirini kutoka kwa kifo, na kifo kikaamua kwenda zake.

Usiku ule nililala na shangazi. Hakulala. Alinikumbatia na kurudia, "Nilikushika, mama. Nilikuweka nyuma yangu. Umesikia Mama Rosa alivyomwita bwana mkubwa? Amemwita mwanangu. Wangu amemla, halafu huyo anamwita mwanangu." Alirudia mpaka kukapambazuka, na kufikia asubuhi nilikuwa naiona picha yote kama alivyoieleza: mimi nyuma ya shangazi, uso wangu umezama kwenye kanga yake.

Kesho yake watu walikusanyika uani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Shangazi alisema alivyosikia. Aliongeza kwamba simba aliinamisha kichwa, kama mtoto anayepokea amri. Mzee Saidi akasema hakuona kichwa kikiinama. Alisema simba alikuwa amekonda, tena jike, na kwamba mtoto, yaani mimi, alikuwa mbele ameng'ang'ania nguo ya Mama Rosa.

"Wewe si ulitupa baiskeli ukakimbia?" mtu mmoja akauliza.

"Nilikimbia," alisema Mzee Saidi. "Lakini nilitazama kwanza."

Watu wakacheka. Nani angemsikiliza mwanamume aliyewakimbia wanawake wawili na mtoto?

Mama Rosa alipopewa nafasi, Kiswahili chake, ambacho hata siku za kawaida kilikuwa kidogo, kilimwishia. Alianza kwa Kiswahili, akaendelea kwa Kimakonde, na kelele zikamfunika. Mwenyekiti akaniita mimi.

"Mama yangu, usiogope. Alisema nini?"

Nilimtazama shangazi. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, na yalikuwa yananiomba.

"Alisema mwanangu," nikajibu.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya shangazi."

Sikudanganya. Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Kama ningekuwa nimedanganya, ningekuwa na kitu cha kutubu na kukimaliza. Nilisema nilichokiona kichwani mwangu, na nilikiona wazi kabisa.

Hakuna aliyemgusa Mama Rosa, mwenyekiti alikataza. Ila aliambiwa kwamba haitawezekana alale tena pale. Aliondoka siku ya tatu, godoro limefungwa kwenye baiskeli ya kukodi. Simba hakuonekana tena msimu ule, na kwa watu wetu huo ukawa ushahidi mkubwa kuliko wote. Bibi alisema, "Si mnaona? Amekwenda naye."

Nilikua, nikasoma, nikapangiwa kufundisha Nachingwea. Mwaka wangu wa pili huko, nilikuwa sokoni natafuta mbaazi, nikasikia nyuma yangu, "Karibu, mwanangu." Nikageuka. Kizee kilichokaa nyuma ya fungu la mbaazi hakikunitambua. Mimi nilimtambua Mama Rosa kwa sauti peke yake.

Nilichuchumaa nikamwamkia, nikamtajia kwetu, nikamtajia jina la shangazi. Aliacha kupanga mbaazi, akauliza, "Somoe mzima?"

"Mzima, bibi."

"Alikuwa na uchungu sana yule."

Nilimuuliza kile nilichokibeba miaka yote. Siku ile alikuwa anamwambia nani? Alinishangaa kama niliyeuliza jua linatokea wapi.

"Wewe. Ulikimbilia mbele kwangu, sijui kwa nini hukurudi nyuma. Ulinishika hapa." Akagusa kiuno. "Ulikuwa unatetemeka, nikaogopa utakimbia. Ukikimbia, anakufuata. Nikasema tulia, mwanangu. Mimi simba nitamwambia nini?"

"Sasa kwa nini aliondoka?"

Alitikisa kichwa polepole. "Hilo hata mimi namuuliza Mungu."

Nilimwomba radhi pale pale, kati ya mafungu ya mbaazi. Alinipigapiga mkono akasema nilikuwa mtoto. Sikujua kama huo ulikuwa msamaha au ilikuwa huruma tu.

Likizo ilipofika nilimweleza shangazi. Nilitegemea abishe. Aliendelea kupepeta mchele, ungo ukapungua kasi, ukasimama.

"Mimi nilikushika," alisema. Baadaye, kwa sauti nyingine: "Nilizika shuka, mama. Sikuona hata uso wake. Ningemchukia nani? Mnyama?"

Nilikaa naye mpaka mchele ukaisha.

Leo sijui mikono yangu ilishika nguo ya nani. Mzee Saidi amefariki, na moyo wangu unamwamini yeye na Mama Rosa; lakini nikifumba macho bado naiona kanga ya shangazi. Nimekubali kwamba kumbukumbu ile nilipewa na mtu aliyekuwa anazama, akanishika ili asizame. Neno nililisikia sawasawa. Tulichokosea ni kwamba lilikuwa la upole, nasi tulikuwa tunatafuta la uchawi. Na yule simba, awe dume au jike, wa Mungu au wa nani, alitutazama akatuacha hai. Nimeacha kutafuta mtu wa kumbebesha jambo hilo. Kila ninapolikumbuka ninanyamaza kwanza, kisha nashukuru.