Gauni Lililobana Miguu ya Kalekye

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa umalize, halafu unisikilize. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, saa tisa, ndani ya ukumbi wa kanisa pale Kabati, Kitui, na sikuwa nimekunywa kitu ila chai. Tulikuwa wanawake sita humo ndani, mbali na Sista. Wengine wametangulia, lakini waliobaki waulize. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita mwongo.

Mimi ni fundi wa nguo. Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka la vitambaa, na mimi nilikaa nyuma ya cherehani kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama. Kukaa huko kulininenepesha. Nikaanza kushikwa na kizunguzungu, nikaenda zahanati, na muuguzi wetu, Sista Ndinda, akanipima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini.

"Mama Mbula, hii presha itakuangusha hapo kwa cherehani," akaniambia. "Jumatano kuja kwa ukumbi wa kanisa. Tuko na mazoezi ya baiskeli."

Nikamwambia sijapanda baiskeli tangu nizaliwe, na kwa umri wangu sikuona haja ya kuvunjika kiuno nikitafuta afya.

"Hii haiendi mahali," akasema. "Unaendesha ukiwa ndani ya nyumba."

Hapo nikajua Sista naye anahitaji kupimwa. Kumbe mazoezi hayo alikuwa ameyaona ng'ambo alipopelekwa masomoni, akarudi nayo kichwani, na kwa kuwa mashine zao hatukuwa nazo, akaazima baiskeli za waume za watu. Zilikuwa zile nyeusi nzito za kubebea mitungi ya maji. Aliziinua juu ya stendi, gurudumu la nyuma likabaki hewani, halafu akalaza dainamo ya taa ibane tairi ili ukanyagaji uwe mzito. Ukikanyaga, dainamo inanguruma na taa ya mbele inawaka. Sista alisema taa ndiyo mwalimu wetu. Ikififia, umezembea.

Siku ya kwanza nilichelewa kwa sababu ya sare za shule nilizokuwa namalizia. Nikakuta mlango umefungwa kwa ndani na madirisha yamezibwa kwa leso. Unajua kwa nini? Baiskeli za wanaume zina lile bomba la juu, na mwanamke hawezi kulivuka bila kupandisha nguo mpaka magotini. Sasa fikiria mzee fulani achungulie amwone mkewe, mama wa watoto saba na mshiriki wa meza ya Bwana, amepanda hivyo. Kwa hiyo humo ndani kulikuwa na kigizagiza, na taa za baiskeli zilipiga miduara ya mwanga kwenye ukuta wa mbele.

"Fundi amefika," akasema Mama Mutheu, muuza maharagwe, rafiki yangu mwenye mdomo. "Sista, chunga hiyo stendi isivunjike."

Baiskeli zilikuwa saba. Iliyobaki wazi ilikuwa ya nyuma kabisa, karibu na kona, na ile ya saba ilikuwa konani penyewe. Sista aliniambia hiyo ya kona niiache, cheni yake imekatika na imetolewa, imeletwa kwa sababu mwenye baiskeli hakutaka kuibakiza nje. Shika hilo la cheni, tutalirudia.

Nikapandisha leso, nikajikokota nikavuka bomba, nikakaa. Na niamini, nilipoanza kukanyaga nilifurahi. Miguu yangu ilijua kazi hiyo, si miguu ya cherehani? Taa yangu ikawaka kuliko ya Mama Mutheu, nikamwambia ageuke atazame. Sista akaanzisha wimbo wa kanisani ili tukanyage pamoja, na jasho likaanza kunitoka mgongoni.

Wimbo wa pili ulipoanza, nikaona mtu amesimama kando ya baiskeli ya kona.

Mimi ni fundi. Sikuanza na uso, nilianza na nguo, ndivyo nilivyozoea. Lilikuwa gauni jeupe lenye maua madogo ya buluu, pindo la vidole viwili, mishono ya ubavuni imepigwa mara mbili. Mtu huujua mshono wake kama anavyoujua mwandiko wake. Gauni lile nilikuwa nimelishona mimi, miezi minne nyuma, na nilikumbuka vizuri lilikwenda wapi. Lilikwenda kaburini.

Sasa hapa lazima niseme jambo la aibu, maana bila hilo huwezi kuelewa.

Alikuwepo msichana aliyeitwa Kalekye, wa miaka kumi na minane, binti wa pekee wa Mama Kalekye aliyeishi karibu na kisima. Kila mtu alimjua kwa sababu hakuwahi kutembea, alikimbia. Ukimtuma chumvi alikimbia, akienda kanisani alikimbia. Malaria ilimchukua kwa siku tatu. Mama yake akaniletea yadi nne za kitambaa hicho cha maua ya buluu, akaniomba nimshonee gauni pana, lenye marinda mengi. "Mshonee ya kukimbia," alisema. Hakulia aliposema hivyo, na ni heri angelia.

Nami nilifanya nini? Nilikata gauni jembamba, la moja kwa moja, bila rinda hata moja. Kitambaa kilichobaki nikakikunja, nikakiweka chini ya cherehani. Mafundi wenzangu wanajua ninachosema, na wateja wanajua pia, ila hawasemi. Kipande hapa, kipande pale. Lakini kwa maiti nilikuwa sijawahi. Nilijiambia kwamba mtu aliyelala hahitaji marinda na kwamba chini ya shuka hakuna atakayeona. Kweli, hakuna aliyeona. Kipande kile nikamshonea Mbula wangu blauzi. Aliivaa mara moja, akaivua, akasema inamtia baridi, na ikabaki sandukuni.

Basi Kalekye alikuwa amesimama pale, mkono mmoja ameshika usukani. Aliinua mguu avuke bomba. Gauni likambana magotini, mguu ukarudi chini. Akainua tena, ukarudi. Hakukasirika wala hakuharakisha. Alifanya kama mtu aliyekwisha kujaribu mara nyingi mahali pengine na anajaribu tena kwa sababu ndiyo kazi yake. Nilihisi jasho lote la mgongoni limegeuka maji ya mtungi.

Ungefanya nini wewe? Nilitaka kushuka nikimbie, lakini umbo langu na lile bomba havikuniruhusu kufanya lolote kwa haraka. Kwa hiyo niliendelea kukanyaga huku namtazama, na yeye akageuza kichwa akaniona.

"Mwaitu," akasema. Kwetu ndivyo tunavyomwita mama. "Nguo inanifunga."

Sauti ilikuwa yake ile ile, ya msichana aliyelelewa vizuri. Hakukuwa na lawama ndani yake, na hilo ndilo lililonivunja. Angenitukana ningejitetea. Nilianza kulia juu ya baiskeli, na wenzangu wakadhani ni mazoezi.

"Ni mimi nilikosea, mwanangu," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Siwezi kutembea nayo. Wenzangu wanaenda, mimi nabaki nyuma."

Nikashuka. Sijui nilishukaje. Kila fundi hutembea na wembe, na wangu ulikuwa umefungwa kwenye ncha ya leso. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya simenti, nikashika pindo la gauni lile. Lilikuwa baridi na zito kama nguo iliyolala nje kwenye umande, na lilikuwa na udongo mwekundu kwenye ukingo. Nikafumua mshono wa kushoto kutoka pindoni mpaka juu ya goti, kisha wa kulia. Sikukata kitambaa hata kidogo, nilikata nyuzi tu. Nakuambia, katika maisha yangu yote sijawahi kufumua mshono kwa uangalifu namna ile.

"Jaribu sasa," nikamwambia.

Akainua mguu, ukavuka. Akakaa, akaweka miguu kwenye pedeli, akaanza kuendesha. Dainamo ikanguruma na taa ya kona ikawaka, kali kuliko zetu zote. Akacheka. Ni kicheko cha mtoto anayeteremka mlima bila breki, ungekisikia ungecheka naye, na mimi niliyekuwa magotini nikilia nilijikuta nacheka.

"Na kile kitambaa kingine?" akaniuliza, hajaacha kuendesha.

"Kiko. Kiko kwa sanduku."

"Mpatie mama."

Nikainama kujifuta machozi kwa leso. Nilipoinua uso, baiskeli ilikuwa tupu, gurudumu bado linazunguka, na taa inafifia polepole.

Wimbo ulikuwa umekatika. Mama Mutheu alikuwa wa kwanza kunifikia, akidhani nimeanguka kwa presha.

"Fundi, ulikuwa unaongea na nani huko chini?" akauliza, na safari hii hakuwa na utani.

Sista Ndinda alikuwa amesimama mbele anautazama ukuta. Wakati mimi nikiwa magotini, wanawake waliokuwa wakikanyaga walikuwa watano. Sista alikuwa amehesabu miduara sita ya mwanga. Akaja mpaka kona, akaishika ile baiskeli, akapitisha mkono mahali cheni inapokaa. Hapakuwa na cheni. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Na sakafuni, mbele ya magoti yangu, kulikuwa na nyuzi nyeupe zilizokatwa na udongo mwekundu kidogo. Sista aliziokota nyuzi zile, akanitia mkononi, akasema tuombe.

Siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama, nilichukua ile blauzi nikaenda kisimani kwa Mama Kalekye. Njia ile ni fupi, lakini nilisimama mara tatu nikitaka kurudi. Kumwona marehemu kulikuwa kugumu, ndiyo, ila kumtazama mama yake machoni kulinishinda zaidi. Nilimkuta anapepeta mbaazi. Nikamwambia yote, la kitambaa kwanza, la ukumbini baadaye, ili asidhani nimekuja na hadithi ya kujisafisha.

Alipepeta mpaka makapi yakaisha. Halafu akaweka ungo chini.

"Tangu tumzike namwota," akasema. "Amesimama kwa geti. Namwita, haji. Anaangalia tu miguu yake. Nilifikiri ni mimi amekasirikia."

Akaipokea blauzi, akaikunjua, akaikunja tena, akaiweka mapajani.

"Umefanya vibaya, Mama Mbula."

"Nimefanya vibaya," nikasema.

"Lakini umekuja."

Hakuniambia amenisamehe, wala mimi sikuomba. Akanipa maji ya kunywa. Asubuhi yake alipita kwenye veranda yangu akielekea sokoni, na kichwani alikuwa amefunga kilemba cha maua ya buluu. Alikuwa ameifumua ile blauzi usiku kwa mkono wake. Hakusimama, aliniambia tu akipita: "Jana alikimbia. Alipita geti, akaenda."

Miaka mingi imepita. Mazoezi yale niliendelea nayo mpaka Sista alipohamishwa, na presha ikashuka, kwa hiyo siwezi kusema yalinidhuru. Baiskeli ya kona mwenye nayo aliitia cheni mpya, lakini taa yake haikuwaka tena, hata alipobadilisha balbu na dainamo. Na vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, vile vilivyoshika pindo, vina baridi mpaka leo. Vishike ukitaka. Januari ya Kitui, jua la kuchoma mawe, na hivi viwili ni baridi.

Basi nikuonye. Ukimpelekea fundi kitambaa cha mtu wako aliyefariki, kaa hapo hapo akikata, na udai kila kipande kilichobaki. Usione haya. Na wewe fundi mwenzangu, unayejiambia kama nilivyojiambia mimi kwamba aliyelala haoni, mimi nimemwona anavyohangaika. Veranda yangu sasa ina baiskeli ya zamani, na watu huuliza ni ya nini kwa kuwa haina magurudumu. Ni ya kupimia. Nguo ya maiti nikishaishona naivaa mimi mwenyewe, nainua mguu, navuka lile bomba. Ikinibana, naivua, naifumua, naanza upya.