Mama Panya na Protini ya Mkuu

Walimwita Mama Panya, na waliomwita hivyo hawakujua hata kubadilisha maranda ya kizimba kimoja. Miaka kumi na tisa aliwalisha panya wa maabara ile na kuwapima kila Jumatatu, wasomi wakipita mlangoni wameziba pua.

Mkuu wa maabara alikuwa na protini yake, akiisimulia kama mtu anayemsimulia mkwe tajiri. Jeni moja ndiyo inayoitengeneza, na yeye aliapa kwamba protini hiyo ndiyo inayolisha saratani ya ngozi. Ikiondolewa, saratani inakufa njaa. Basi wakaletwa panya wa aina mbili: wenye kadi nyeupe kwenye vizimba vyao wana jeni hiyo, wa kadi nyekundu wamezaliwa bila hiyo. Wote wakapakwa mgongoni dawa ya kuwatia saratani.

Wiki ya sita, Mama Panya akaona kituko. Wa kadi nyeupe walikuwa na vinundu kama punje za ufuta. Wa kadi nyekundu, wale waliotakiwa kunusurika, vyao vilishafika ukubwa wa punje za mahindi.

"Bosi, protini yako hailishi ugonjwa. Inauzuia."

Mkuu hakubandua macho kwenye kompyuta. "Umechanganya kadi, mama."

"Nimezibandika kwa mikono yangu."

"Basi umekosea kupima. Lisha panya, sayansi tuachie sisi."

Mama Panya akatoka akisonya. Nyumbani akamwambia dada yake, "Mtu kasoma mpaka kipara kimemtoka, kutazama mgongo wa panya hawezi!"

Mkuu akarudia jaribio zima, kadi akazibandika mwenyewe, ulimi nje kama mtoto wa chekechea. Majibu yakawa yaleyale. Kumbe protini ile kazi yake ni kuzizuia seli za ngozi zisigawanyike ovyo; isipokuwepo, zinazaana kama zimelipwa.

Akatangaza ugunduzi ukumbini, kifua mbele. Akashukuru watu kumi na mmoja, akiwemo aliyeagiza chai. Mama Panya hakutajwa. Roho ilimuuma siku mbili, ya tatu akaona aibu kuumia kwa ajili ya mtu wa namna ile.

Jumatatu Mkuu akaja vizimbani mwenyewe, tai imemkaa upande. "Mama, wiki hii unaonaje?"

Mama Panya akampa glavu, akamkabidhi panya mmoja, panya akamkojolea papo hapo. Mama Panya akaendelea kuosha chupa za maji, mgongo kamgeuzia. Alipomaliza chupa ya tatu ndipo akamjibu.