Nilimpitisha Fundi Aliyenifundisha, na Macho Yake Hayaoni Tena

Admin, jina langu libaki kwako. Nikijulikana hapa Bariadi nitapoteza kazi, na si mimi peke yangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nina mtoto mmoja, na kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Ndiyo, mageti, madirisha, kenchi za paa. Najua wapo watakaoanza kucheka kwenye maoni. Chekeni tu, nimeshazoea. Nilipofeli kidato cha nne nilizunguka karakana zote za mjini nikiomba kujifunza. Mmoja akaniambia nikatafute cherehani. Mwingine alinipokea, siku tatu nzima kazi yangu ikawa kufagia na kuchemsha chai. Aliyenipokea kweli ni mzee mmoja, nitamwita Mzee M. Hakunitoza chochote. Alinivalisha kofia yake ya kuchomelea, ile moja tu aliyokuwa nayo, yeye akawa anafumba jicho moja na kugeuza uso. Jioni macho yakimuwasha anadondoshea maziwa mabichi, kama mafundi wengi wa huku wanavyofanya, na kesho yake anarudi kazini. Miaka miwili tulifanya kazi hivyo. Yeye ndiye aliyenisukuma niende chuo cha ufundi, maana yeye hana cheti, na alikuwa amechoka kuona kazi kubwa zikienda kwa wenye karatasi.

Cheti nilipata. Mwaka huu mkandarasi mmoja anayejenga madarasa upande wa Itilima akaniajiri niwasimamie mafundi wa kuchomelea. Kazi ina mkataba, bima ya afya, glovu, vitu ambavyo fundi wa huku anavisikia redioni tu. Akataka mafundi wengine wanne, wenye cheti au wasio nacho, ila kila mmoja afanye jaribio: aunganishe vipande viwili vya chuma, injinia wake avipige nyundo kuona kama vitaachia. Mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa Mzee M.

Siku ya jaribio nilisimama karibu naye. Kabla hajaanza alipapasa kiungo kwa vidole mara mbili, mara tatu. Nikadhani ni umakini wa kizee. Alipomaliza nikaona mstari wake umenyooka safi kabisa, lakini umepita kando ya kiungo. Vile vyuma vilishikana kidogo tu pale mwanzoni. Mzee haoni. Anachomelea kwa kusikiliza moto unavyolia na kupapasa. Akaniuliza, "Mayu, imekaaje?" Mayu kwetu Wasukuma ni mama, na tangu siku ya kwanza aliniita hivyo kwa heshima. Nikamjibu, "Imekaa vizuri, baba."

Injinia alikuwa pembeni anaongea na simu. Nikachukua kipande nilichokuwa nimekichomelea asubuhi kuwaonyesha mafundi mfano, nikaandika namba ya Mzee kwa chaki, chake nikakitupa kwenye vyuma chakavu. Nyundo ikapigwa, hakikuachia. Mzee akapata mkataba. Mke wake alinishika mikono yote miwili akalia, akasema sasa na wao watatibiwa kama watu.

Nilijiambia nitampa kazi ndogondogo. Lakini injinia alikipenda kile kipande, akaagiza mzee awekwe kwenye kenchi. Basi kila siku wenzangu wakienda kula mchana mimi nabaki narudia viungo vyake. Wengine wanadhani nafunga. Na hili linaniuma kuliko lile la kwanza, kwa sababu wiki mbili zilizopita nilijikaza nikamwambia, "Baba, bima ipo, twende ukapime macho." Akacheka. "Macho ya nini, mayu? Kenchi zangu zote zimekaguliwa, hakuna hata moja iliyorudishwa. Ningekuwa sioni si wangeshaniambia?" Mimi ndiye niliyemfanya aamini kwamba bado anaona.

Juzi nimeambiwa kuanzia Jumatatu nahamia saiti mpya Maswa. Mzee anabaki, na kenchi zinaanza kupandishwa. Nikisema, atatolewa siku hiyo hiyo na bima itakatika kabla hajatibiwa. Mimi nitafukuzwa, na wasichana wawili wanaojifunza kazi kwangu wataambiwa wanawake ndivyo walivyo. Watu watasema asante ya punda ni mateke, kamchongea aliyemtoa mavumbini. Nikinyamaza, viungo vya Jumatatu hakuna wa kuvirudia, na chini ya lile paa watakaa watoto wa watu. Naogopa sana.

Mama yangu, ambaye ndiye pekee niliyemweleza, alisema, "Nenda kwake kwanza. Mwache aondoke mwenyewe kwa heshima yake, asitolewe." Jana nilikwenda. Nilimkuta anajaribisha buti mpya za kazini, mkewe anamfunga kamba. Sijafungua mdomo, akaanza yeye: "Mayu, vijana wanaogopa kupanda juu. Nimemwambia injinia nitapanda mimi. Viungo vya kule juu havitaki mtu wa kubahatisha." Nikanywa chai yao, nikaaga, nikaondoka.

Leo ni Ijumaa. Najua wengi mtaniambia niseme ukweli, na msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Ninachowaomba ni mnielekeze: nianze na injinia au nirudi kwa mzee? Na yule mtu aliyenifundisha kazi, nikikaa mbele yake, nimwambie neno gani la kwanza?